Kujenga mnara wa barafu wa kumwagilia mashamba ya mlimani

Mji wa Leh, huko Ladakh kaskazini kabisa mwa India, uko kwenye mwinuko wa mita 3,500 hivi, na mvua na theluji ya mwaka mzima ni kama milimita 100 tu. Mkulima wa huko hategemei mvua. Anategemea maji yanayoyeyuka milimani, na kinachomtesa ni kalenda: shayiri, ngano, njegere na viazi vinataka maji Aprili na Mei, lakini maji ya barafu za juu huanza kushuka kwa wingi katikati ya Juni. Miezi yote ya baridi vijito vinaendelea kutiririka kidogo kidogo hadi mto Indus, na hakuna shamba linaloyahitaji maji hayo. Barafu ya kutengeneza ni njia ya kuyashika maji ya Januari ili yatumike Mei, bila bwawa la zege na bila pampu.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni ya mhandisi Chewang Norphel, aliyeanza mwaka 1987 katika kijiji cha Phuktse: maji ya kijito yanachepushwa kwa mfereji hadi kwenye bonde lenye kivuli juu ya kijiji, kisha yanapunguzwa mwendo kwa kuta fupi za mawe zilizopangwa moja chini ya nyingine, mpaka yagande matabaka kwa matabaka. Ya pili ni ya mhandisi Sonam Wangchuk na wanafunzi wa shule ya SECMOL, waliojenga mnara wao wa majaribio mwaka 2013: maji yanaletwa kwa bomba, yanarushwa hewani usiku, yanaganda na kujijenga kuwa pia (koni) ya barafu yenye umbo la stupa, majengo ya ibada ya Kibudha. Mnara uliojengwa Phyang katika majira ya baridi ya 2014 na 2015 ulidumu hadi mwanzoni mwa Julai.

Kama mna bonde lenye kivuli cha kutwa juu ya kijiji, mawe tele na watu wa kuyabeba, anzeni na njia ya Norphel. Inahifadhi maji mengi zaidi na haina bomba la kuziba. Mnara unafaa pale ambapo hakuna kivuli cha namna hiyo, au pale ambapo barafu inatakiwa karibu na shamba. Umbo la pia huonyesha jua eneo dogo ukilinganisha na ujazo wake, na ndiyo maana hudumu hata uwandani. Maelezo yanayofuata ni ya mnara.

Je, mahali penyewe panafaa?

Mnahitaji miezi miwili na nusu hadi mitatu ya usiku wenye nyuzi 8 au zaidi chini ya sifuri, hewa kavu, na kijito au chemchemi isiyokauka wakati wa baridi. Hewa kavu si jambo dogo. Tone linaporuka hewani sehemu yake huvukizwa, na mvuke huo huondoka na joto. Usiku wenye mawingu na unyevu hugandisha kidogo sana hata kipimajoto kikionyesha baridi ileile.

Msomaji wa Moshi au Nyeri atauliza kama jambo hili linawezekana Kilimanjaro au Mlima Kenya. Haliwezekani. Karibu na ikweta hakuna majira ya baridi ya kuhifadhi maji. Kule juu panaganda usiku na kuyeyuka mchana mwaka mzima, na mashamba yako maelfu ya mita chini yake. Ndiva za Upare, yaani vidimbwi vinavyojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, pamoja na mifongo, mifereji ya asili ya Uchagga, ndiyo hifadhi inayolingana na hali ya hewa hiyo. Watu wa Ladakh nao wana kidimbwi cha namna hiyo, wanakiita zing, na mtaona hapo chini kwamba mnara bila zing ni kazi nusu.

Kiwanja cha mnara kiwe juu ya mashamba, ili maji ya kuyeyuka yashuke yenyewe, lakini chini ya chanzo cha maji kwa mita 30 au zaidi. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, tafuteni mahali ambapo mlima uko upande wa kusini, ukikinga jua la Machi na Aprili. Katika nusu ya kusini, kama Chile, ni kinyume chake. Epukeni upepo mkali wa usiku, kwa sababu hupeperusha matone nje ya mnara na kuacha upande mmoja mtupu. Na msijenge kwenye mkondo mkavu wa korongo, hata kama ni tambarare nzuri. Mafuriko ya Agosti 2010 yaliyoivamia Leh yalipita kwenye njia za namna hiyo.

Hesabu kabla ya kununua bomba

Mnara wa umbo la pia wenye nusu kipenyo cha mita 10 na urefu wa mita 15 una ujazo wa mita za ujazo 1,570 hivi. Mita moja ya ujazo ya barafu ni kilo 917, kwa hiyo ikiyeyuka yote ni lita milioni 1.4. Zinasikika nyingi mpaka uzigawe: kumwagilia hekta moja kwa kina cha milimita 60 kunameza lita 600,000. Mnara mzima basi ni maji ya hekta mbili na kidogo, mara moja tu, na hapo bado hujatoa kinachopotea njiani. Miche ni hesabu nyingine. Miche 1,000 ikipewa lita 20 kila mmoja kwa wiki itatumia lita 200,000 katika wiki kumi. Phyang nao waliyapeleka maji ya mnara wao kwenye miche ya mierebi na mipopla, na huo ulikuwa uamuzi wa busara. Mnara ni wa miche, bustani na maji ya kwanza ya mashamba machache. Anayewaahidi wanakijiji wote maji ya msimu mzima anawadanganya.

Halafu baridi yenyewe. Ili kilo moja ya maji yaliyofika sifuri igande, ni lazima ipoteze kilojuli 334. Tuchukulie kwamba usiku mkavu wa baridi kali kila mita ya mraba ya mnara inapoteza wati 200. Hapo kila mita ya mraba inagandisha kama lita 2 kwa saa. Mnara mchanga wenye eneo la nje la mita za mraba 200 unaweza kugandisha lita 400 na kitu kwa saa, yaani kama lita 0.12 kwa sekunde. Ukimwaga lita 2 kwa sekunde, karibu yote yatateremka chini, yakichimba mifereji kwenye barafu uliyoipata jana. Hili ndilo kosa linalorudiwa zaidi: mtu akiona mnara haukui, anafungua maji zaidi.

Shida ni kwamba bomba lenyewe linataka maji mengi. Maji yanayoingia yakiwa na nyuzi 1 tu juu ya sifuri, kwa lita 2 kwa sekunde, yanabeba kilowati 8.4 za joto kabla hayajafika sifuri. Bomba likilala wazi kwenye hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri, joto hilo huisha katika mita 150 hivi, na hapo barafu huanza kujijenga ndani. Ukipunguza maji, linaganda mapema zaidi. Kwa hiyo bomba lifukiwe, na karibu na mnara liwekewe tawi la kurudisha maji ya ziada kijitoni. Bomba linapita maji mengi, mnara unapewa kadiri unavyoweza kugandisha. Ziada hiyo inaweza pia kujenga mnara wa pili au wa tatu pembeni, jambo ambalo ni bora kuliko kulazimisha mmoja uwe mrefu.

Bomba

Nunueni bomba jeusi la poliethilini linalostahimili msukumo wa bari 10. Msinunue PVC, maji yakiganda ndani yake hupasuka, wakati poliethilini hutanuka kidogo na kurudi. Kipenyo ndicho cha kufikiria. Kwa lita 2 kwa sekunde na urefu wa kilomita 2, bomba la milimita 63 hupoteza msukumo wa mita 27 hivi kwa msuguano tu, yaani maji hupanda mita 27 pungufu. La milimita 110 hupoteza chini ya mita 2, lakini ndani yake maji hutembea polepole na kukaa kwenye baridi kwa saa mbili. La milimita 90 hupoteza kama mita 5 na maji hufika kwa dakika 80 hivi. Kwa umbali huo, chukueni la 90. Sasa jumlisheni: mita 15 za mnara, mita 5 za msuguano, mita 5 hadi 10 za kurushia matone. Ndiyo maana tofauti ya mita 30 kati ya banio (mahali bomba linapochukulia maji) na kiwanja ni ya chini kabisa, na 50 au 60 ni raha.

Chimbeni mtaro chini ya kina ambacho udongo huganda. Mita 1 hadi 1.5 ni mahali pa kuanzia, lakini waulizeni wanaochimba misingi ya nyumba kijijini wamekutana na udongo mgumu wa barafu mpaka wapi. Bomba literemke moja kwa moja bila bonde wala kilima. Kila bonde ni mahali ambapo maji yatabaki na kuganda bomba likisimama. Kila kilima ni mahali pa hewa kunasa na kuzuia maji. Pale ambapo korongo halikwepeki, wekeni koki ya kumwagia chini kabisa ya bonde na valvu ya hewa juu ya kilima. Mfungue koki hizo kwa mkono kabla ya kufukia ili kuhakikisha zinafanya kazi.

Banio lina kanuni moja isiyoonekana mpaka Desemba. Maji ya kijito yanayovurugika yakiwa wazi kwenye baridi kali hutengeneza chembechembe za barafu laini, kama uji mwepesi, zinazogandamana kwenye chujio na kuliziba kwa saa chache. Chukueni maji kwenye kidimbwi kilichotulia, mdomo wa bomba ukiwa nusu mita au zaidi chini ya uso, ili juu pagande na pawe kifuniko. Chemchemi ni bora kuliko kijito, maana maji yake hutoka na joto kidogo. Baada ya banio iwepo chemba ya kutulizia mchanga. Vumbi na tope vikiingia kwenye barafu huifanya iwe nyeusi, na barafu nyeusi hunyonya jua na kuisha mapema.

Kiunzi na nozeli

Kwa mnara wa mita 15 andaeni hivi:

- mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, inchi 2, vipande vitano au sita vya mita 3, na soketi zake
- geti valvu mbili, moja ya mnara na moja ya tawi la kurudishia maji
- koki ya kumwagia chini kabisa ya bomba la wima
- nozeli (vichwa vya kunyunyizia maji) mbili au tatu zenye matundu tofauti, ya milimita 2 hadi 5
- nguzo nane za mti mwepesi za mita 4 hadi 5
- matawi makavu na vichaka vya miiba vya kando ya mto, ya kutosha kufunika kiunzi chote
- nyavu kuukuu za kuvulia samaki, au waya mwembamba
- waya wa kuvutia bomba la wima pande nne, na spana mbili za bomba

Simamisheni bomba la kwanza la mita 3 katikati, lizungushieni nguzo zikiegemeana juu, fungeni nyavu, kisha rundikeni matawi. Vijiti vyembamba ndivyo vinavyoshika tone la kwanza na kulipa mahali pa kuganda. Nguzo nene peke yake haifanyi kazi hiyo. Acheni mlango mdogo upande wenye kivuli ili mtu afikie valvu. Valvu zikae ndani ya sanduku lililojazwa majani makavu.

Yote haya yawe tayari Oktoba, kabla udongo haujaganda. Fungueni maji siku nzima, tembeeni mtaro wote, tafuteni mahali penye unyevu. Kiungio kinachovuja Oktoba hurekebishwa kwa nusu saa. Januari kinataka sururu na siku mbili.

Kugandisha

Subirini usiku wenye nyuzi 8 chini ya sifuri ujirudie kwa wiki nzima. Usiku wa kwanza hadi wa tatu lowanisheni ardhi tu, kwa maji machache yaliyotawanywa, mpaka kiwanja chote kiwe sakafu ya barafu. Bila sakafu hiyo maji ya chini yanazama udongoni.

Kisha rusheni kutoka mita 3. Wiki za mwanzo tafuteni upana, msitafute urefu: eneo la nje ndilo linaloamua kiasi kitakachoganda kila usiku unaofuata. Matone yawe madogo ya kutosha kupoa yakiwa hewani, lakini yasiwe ukungu, kwa sababu ukungu huchukuliwa na upepo. Matone makubwa yanafika chini yakiwa maji na kuteremka.

Zungusheni mfereji mdogo chini ya mnara, wenye mdomo mmoja wa kutokea. Kila usiku, saa mbili baada ya kufungua, kingeni maji ya mdomo huo kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, lita 0.5 kwa sekunde zinapotea bila kuganda. Punguzeni valvu ya mnara, ongezeni ya tawi, ngojeni nusu saa, pimeni tena. Lengo ni maji kidogo tu yanayochuruzika. Mdomo ukikauka kabisa mnaweza kuongeza kidogo. Andikeni vipimo na halijoto ya usiku kwenye daftari, maana mwaka wa pili daftari hilo lina faida kuliko ushauri wa mtu yeyote.

Barafu ikibakiza kama mita 1 kufikia nozeli, ongezeni kipande cha bomba. Fanyeni kazi hii mchana jua likiwa juu. Maji yote yageuzwe kwenye tawi, bomba la wima limwagwe mpaka likauke, kipande kipya na nozeli viwe vimeshaunganishwa chini, kazi ya juu iwe kukaza soketi moja tu. Anayepanda afunge kamba kiunoni na asiwe peke yake. Barafu ya mnara ni laini kama kioo, na vijiti vya barafu vinavyoning'inia huanguka bila taarifa.

Yanayoharibika

Nozeli ikianza kutema mate badala ya kunyunyiza, barafu imeanza kujijenga mahali fulani ndani ya bomba. Mna dakika chache. Fungueni tawi lote ili mwendo uongezeke, na ondoeni nozeli. Maji yakiendelea kupungua, fungeni banio na fungueni koki zote za kumwagia mara moja, kuliko kungoja yagande kilomita nzima. Msiwashe moto kwenye bomba la plastiki. Kipande kilicho wazi kimwagieni maji ya moto juu ya magunia. Sehemu inayoganda mara nyingi ni zile mita chache za mwisho, ambapo bomba linatoka udongoni na kupanda kwenye chuma. Zifunikeni kwa sufu au majani ndani ya plastiki.

Kamwe msisimamishe maji usiku "kwa muda mfupi". Maji yaliyosimama ndani ya chuma cha inchi 2 hayana muda mfupi.

Mnara ukiinama, barafu imejaa upande mmoja kwa sababu ya upepo. Nozeli yenye matundu upande mmoja tu, ikielekezwa upande mwembamba, husahihisha jambo hilo kwa siku kadhaa kama mmeliona mapema.

Maji ni ya nani

Vijiji vingi vya Ladakh vina churpon, mtu anayepewa kazi ya kugawa maji kwa zamu. Aanze naye mtu yeyote anayetaka kujenga. Maji ya baridi yanaonekana kama hayana mwenyewe, lakini kijiji cha chini kinayatumia kunyweshea mifugo, na chemchemi zake huenda zinalishwa nayo. Ugomvi wa minara umetokea hasa kati ya walio juu na walio chini. Pimeni mtiririko wa kijito wakati ukiwa mdogo kabisa, kubalianeni ni sehemu gani itabaki mtoni kila wakati, na muandike. Katika karatasi hiyohiyo andikeni ni mashamba na miche gani itapata maji ya kuyeyuka, kwa zamu ipi, na ni nani atakayelinda bomba usiku. Ulinzi huo ni usiku wa miezi mitatu, na unastahili malipo.

Kuyeyuka

Kuanzia Machi fungeni ule mlango kwa ukuta wa matawi na maji yagande juu yake. Hewa ya joto ikiingia ndani mnara unaliwa kutoka tumboni, na mtoto asikutwe humo. Elekezeni mfereji wa mzunguko kwenye zing. Mnara huyeyuka zaidi mchana, kidogo kidogo, na mtiririko mwembamba ukiachwa kwenye mfereji mrefu wa udongo unazama kabla ya kufika shambani. Zing ikijaa usiku kucha na kufunguliwa alfajiri, maji yanakimbia kwa nguvu na kufika mwisho wa mfereji. Kidimbwi cha mita 8 kwa 6 chenye kina cha mita 1 kinashika lita 48,000, na sakafu ya udongo wa mfinyanzi uliopondwa inatosha.

Aprili, kabla barafu haijaachia bomba la wima, fungeni banio, mwageni bomba lote kupitia koki za chini na zibeni midomo yake ili panya wasiingie. Nozeli zioshwe na kuwekwa ndani. Nyavu na waya vikusanywe kadiri vinavyojitokeza kwenye barafu, kabla mbuzi hawajavifikia.